Mama lishe, tramadol na kikoba chake: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mama mmoja wa Temeke, Dar es Salaam, mwenye miaka 39 na watoto watatu, muuza chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana. Alitumia kapsuli za tramadol, dawa ya maumivu, kwa zaidi ya miaka 2, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyemwona mgonjwa, sembuse mraibu. Ili asitambulike mtu, nimeunganisha mambo ya familia zaidi ya moja na kubadilisha mengine. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo msomaji asishangae nikikaa sana kwenye kaunta ya dawa.

Ilivyoanza

Bodaboda aliyopanda iligongwa ubavuni na daladala, akavunjika mguu wa kulia chini ya goti. Akapasuliwa, akawekewa chuma na skrubu, akarudi nyumbani na magongo na cheti cha tramadol miligramu 50, kapsuli moja mara 3 kwa siku, kwa siku 10.

Kwa cheti hicho sina ugomvi na daktari. Mfupa uliovunjika unauma, panado peke yake haifui dafu, na tramadol ni dawa halali ya maumivu. Ilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Grünenthal, ikaingia sokoni huko mwaka 1977, na kwa muda mrefu iliaminiwa kuwa haimshiki mtu kama mofini inavyomshika. Imani hiyo imechangia hadi leo isiwemo kwenye orodha za mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya. Kila nchi inajiamulia. India, ambako hutengenezwa sehemu kubwa ya kapsuli zinazoletwa Afrika, iliiweka chini ya sheria yake ya dawa za kulevya Aprili 2018, wakati Afrika Magharibi imekwishafurika. Kwetu ni dawa ya cheti, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya huzihesabu dawa za aina hii kwenye kundi inaloliita dawa tiba zenye asili ya kulevya.

Kilichokosekana siku ile ni sentensi mbili tu. Hakuna aliyemwambia afanye nini siku ya 11 mguu ukiwa bado unauma, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa hii mtu akiizoea, kuiacha ghafla ni kazi.

Siku ya 11 mguu ulikuwa bado unauma. Akampa mwanawe karatasi tupu ya kapsuli, akamtuma duka la dawa la jirani. Mtoto akarudi na karatasi iliyojaa.

Tramadol ina mikono miwili. Mmoja hushika pale pale ubongoni panaposhikwa na mofini. Ndio unaotuliza maumivu, na hasa baada ya ini kuigeuza dawa kuwa kitu kikali kuliko yenyewe. Mkono wa pili huongeza serotonini na noradrenalini, kemikali zinazohusika na uchangamfu na hali ya moyo. Kwa mtu aliyelala kitandani hospitali mkono huu wa pili hauonekani sana. Kwa mama anayeamka saa 9 usiku kukanda unga wa chapati, amesimama kwa mguu wenye chuma, na mume wake ni dereva wa malori anayekaa njiani wiki tatu kati ya nne, unaonekana mapema mno. Alianza kumeza moja kabla ya kuwasha jiko, maumivu yakiwepo au yasiwepo. Mwenyewe anasema ile kapsuli ya usiku ilikuwa msaidizi wa kazi ambaye hadai mshahara.

Mwili ukazoea. Tatu zikawa nne, nne zikawa sita, na kufikia mwaka wa pili alikuwa kwenye kapsuli 8 hadi 10 kwa siku, yaani miligramu 400 hadi 500. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima ni 400.

Jambo ambalo wengi wanaofanya kazi zahanati watalitambua ni hili: siku alizochelewa kupata dawa, alipiga miayo mfululizo, makamasi na machozi yakamtoka, tumbo likamwendesha, mwili ukasisimka vinyweleo, usiku miguu haitulii. Mitaani hali hiyo inaitwa arosto, lakini mama huyu hakujihesabu kuwa mtu wa arosto. Arosto ni ya mateja wanaovuta unga, yaani heroini. Yeye alikwenda kupima malaria. Malaria hakuna; akaambiwa ana UTI. Safari nyingine akaambiwa taifodi. Akapewa antibayotiki, akazimeza pamoja na kapsuli zake, akapata nafuu siku hiyo hiyo, na sifa zote zikaiendea antibayotiki. Mzunguko huu ulijirudia kwa karibu mwaka mzima. Mtu mzima anayekuja kila baada ya wiki chache na "homa" ya miayo na makamasi, vipimo vyake vikiwa safi, anastahili kuulizwa swali moja la upole: mama, nyumbani unameza dawa gani nyingine?

Kaunta

Mazungumzo ya dukani yalikuwa mafupi. Nayaandika kama alivyonisimulia, kwa sababu nimeyasikia kwenye maduka mengi kwa masikio yangu.

"Kaka, naomba ile ya kijani na njano."

"Karatasi ngapi dada?"

"Mbili."

Basi. Hakuna cheti, hakuna swali la nani anatumia, hakuna hata kutaja jina la dawa. Kwa utaratibu wetu famasi inaruhusiwa kuuza tramadol kwa cheti tu. Duka la dawa muhimu, hili lililoanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, halipaswi hata kuwa nayo rafuni. Kati ya maduka matatu aliyokuwa akiyazungukia, moja tu lilikuwa famasi.

Aliyazungukia kwa mpangilio ili asizoeleke. Haikusaidia, alizoeleka. Muuzaji wa duka moja alifika mahali pa kumwekea karatasi mbili chini ya meza siku mzigo ukiwa mdogo, na mwisho wa mwezi akamkopesha. Mteja anayekopeshwa tramadol, jina lake likiandikwa kwenye daftari la madeni pamoja na wanaodaiwa pampasi na dawa ya mbu, ni mteja ambaye muuzaji anajua fika kwamba atarudi.

Watu wakisikia habari hii husema kijana yule akamatwe. Mimi siwezi kuanza naye. Analipwa mshahara mdogo na bosi anayepita jioni kuuliza mauzo, na hajawahi kuulizwa vyeti. Wa kuanza naye ni mwenye duka. Mkaguzi akichukua ankara za manunuzi ya tramadol ya miezi 3 akazilinganisha na vyeti vilivyohifadhiwa kwenye faili, hahitaji mtego wala askari kanzu. Kama yamenunuliwa maboksi kumi na vyeti ni vitano, hesabu imeshaongea.

Kikoba kiliona kabla ya mume

Uraibu wa dawa za hospitali hauna harufu. Hakuna moshi, hakuna chupa, hakuna alama za sindano mkononi. Kwa mama huyu ulionekana kwanza kwenye pesa, na waliouona ni wanakikoba wenzake.

Kikoba chao kina wanawake 25, hukutana kila Jumapili alasiri. Alikuwa mtu wa kuweka hisa kwa wakati, tena zaidi ya kiwango cha chini. Akaanza kumtuma mtoto na nusu ya pesa. Akakopa "kupanua biashara" na biashara haikupanuka. Sufuria zilikuwa zile zile, na mkaa akaanza kununua kwa kopo badala ya gunia. Kapsuli zilikuwa zinamla karibu shilingi 3,000 kwa siku, na kwa mama lishe hiyo ni ada ya mtoto. Kikoba kilipokataa kumwongezea mkopo akaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Huko alipoteza friji.

Mwenyekiti aliona pia kwamba kwenye vikao anasinzia katikati ya sentensi na anajikuna pua bila kukoma. Wakadhani ananyanyaswa na mume. Wengine wakadhani ni presha. Hakuna aliyewaza dawa, maana dawa zinatibu.

Siku aliyoanguka

Wiki chache kabla, alikuwa amelalamika hospitali nyingine kwamba mguu unawaka moto usiku na hapati usingizi. Akapewa amitriptyline, dawa nzuri kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Hakuulizwa anatumia nini kingine, naye hakusema.

Tramadol peke yake, hasa ikipita miligramu 400, inaweza kusababisha degedege kwa mtu mzima asiye na kifafa. Ukiiongezea amitriptyline hatari inapanda, kwa kuwa zote mbili zinashusha kizingiti kile kile cha ubongo kupata degedege, na zote zinachezea serotonini. Saa 1 asubuhi, bandani kwake, alikakamaa, akaanguka, mkono ukaingia kwenye sufuria ya chai inayochemka.

Watu walifanya walichokijua. Mmoja alilia "ana majini, msimshike". Mwingine akaleta kijiko amng'atishe. (Tafadhali, mtu akianguka hivyo usimwekee kitu mdomoni. Mgeuze ubavu, ondoa vya moto na vyenye ncha, angalia saa. Ikipita dakika 5 au ikijirudia, hospitali haraka.) Akasomewa kisomo kwanza, hospitali baadaye. Hospitali walitibu mkono, wakaandika kifafa, na alikuwa karibu kuanzishiwa dawa za kifafa za kumeza miaka nenda rudi.

Aliyebadilisha mkondo wa kisa hiki ni mwanakikoba mmoja, muuguzi mstaafu. Alikwenda kumwona wodini, akaombwa amtolee khanga kwenye pochi, akakuta karatasi tatu za kijani na njano, mbili zimeisha. Hakusema kitu mbele ya wageni. Alisubiri watoke, akaketi kitandani, akamuuliza, "Unameza ngapi kwa siku?" Hakuuliza kama anameza. Mama akajibu tano. Muuguzi akanyamaza. Baada ya muda mama akasema, "Kumi."

Ningependa kila mtumishi wa afya ajifunze swali lile na ule unyamavu uliofuata.

Siku tatu za kufungiwa

Mume alirudi kutoka safari, akaambiwa. Alifanya kile ambacho wanaume wengi wenye kuipenda familia hufanya: akakusanya kapsuli zote akazimwaga chooni, akamfungia mkewe chumbani, akakaa mlangoni. Hakumpiga. Alikuwa analia.

Ndani ya siku moja na nusu arosto ilikuja kamili. Kwa tramadol kuna nyongeza ambayo watu wa heroini hawaisimulii sana, na chanzo chake ni ule mkono wa pili: hofu ya ghafla isiyo na sababu, moyo kwenda mbio, na hisia kama shoti ya umeme inapita kichwani kila anapogeuza macho. Hakulala usiku wote tatu. Siku ya nne, mume alipokwenda kuoga, alitoka na khanga moja, peku, akaenda lile duka linalokopesha.

Familia ikahitimisha kwamba hataki kuacha. Mimi nasoma tofauti. Mtu ambaye mwili wake umekaa na dawa miaka 2 akinyang'anywa yote kwa siku moja, kisha akaifuata, amefanya alichotarajiwa kufanya. Na kulikuwa na hatari mbili zilizolala hapo ambazo hakuna aliyeziona. Ametoka kuanguka na ubongo bado umechokozeka. Na kadiri siku za kukaa bila dawa zinavyoongezeka, mwili unapoteza ule uzoefu, hivyo akirudi kumeza kumi kwa mkupuo anaweza kuanguka tena au kushindwa kupumua, hasa akichanganya na pombe au valiamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Valiamu nayo, kwa aliyeizoea, haiachwi ghafla. Kuikata kwa siku moja kunaweza kuleta degedege vilevile.

Soba isiyo na kitanda chake

Dada yake alikuwa amesikia habari za soba, akazunguka kutafuta. Nyumba hizi za upataji nafuu zina historia nzuri kwetu. Zanzibar ilifungua ya kwanza mwaka 2009, ikiendeshwa na watu waliopita kwenye uraibu wao wenyewe kwa kufuata hatua 12 za Narcotics Anonymous, ushirika wa waraibu wanaosaidiana kuacha, na mtindo huo ukavuka hadi bara. Zimeokoa vijana wengi. Lakini nyingi ni za wanaume. Chache zinazopokea wanawake zilimtaka akae ndani kwa miezi, zikitaka ada ya kila mwezi, na hakuna aliyekuwa na jibu la swali nani atawalea watoto wala nani atashika banda.

Kliniki za methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kuanzia ile ya Muhimbili iliyofunguliwa Februari 2011, ziliwekwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Mgonjwa anakwenda kila siku, ananywa dawa mbele ya mhudumu. Mama alifika hadi getini, akaona foleni, akamtambua kijana wa mtaani kwao, akageuka. "Mimi si teja," alimwambia dada yake kwenye daladala, na dada, ambaye mpaka hapo alikuwa mvumilivu, akamjibu kwamba teja angalau anajua anachoumwa.

Neno kali, ila naona lilikuwa na kazi yake. Jioni ile ile alikubali kumwona daktari wa kliniki ya afya ya akili.

Daftari la muuguzi

Daktari alimlaza siku 8. Amitriptyline ikaondolewa, na tramadol ikashushwa kutoka 10 hadi 6 akiwa chini ya uangalizi, maana mtu aliyekwishaanguka hashushwi nyumbani kwa kubahatisha. Baada ya hapo mpango ulikuwa kupunguza kapsuli moja kila baada ya wiki 3, na ile ya mwisho kukaa nayo zaidi. Idadi hizi zilikuwa zake yeye, kwa hali yake. Mwingine akizinakili bila daktari anajitafutia balaa.

Mpango wa karatasi ni rahisi. Ugumu ni kwamba mtu yule yule anayetakiwa kumeza 6 ndiye anayeshika karatasi ya 10. Hapa ndipo kikoba kilipoingia, na nitaeleza kwa kina kwa sababu maneno "msaada wa jamii" yamesemwa mno kwenye semina bila mtu kusema nani anashika nini.

Muuguzi mstaafu alishika dawa. Daktari alimwandikia barua, na mimi nikawa natoa za wiki moja tu, kwa cheti, kwa mkono wa muuguzi. Asubuhi saa 12 mama alipita kwake akameza mbili. Mchana muuguzi alikwenda kula wali bandani, akilipa kama mteja mwingine, na mbili zikamezwa pale nyuma ya pazia la khanga. Jioni mbili. Waliandika kwenye daftari la shule la kurasa 48: tarehe, saa, idadi, saa za usingizi, maumivu ya mguu kwa alama 0 hadi 10, na sahihi ya mama mwenyewe. Sahihi aliidai yeye. Alisema kama anaandikwa, basi naye aandike.

Wifi alishika manunuzi. Mwezi wa kwanza na wa pili pesa ya mauzo ilipitia kwake, akanunua unga, mafuta na mkaa, mama asibaki na noti mkononi. Hili lilizua ugomvi mkubwa kuliko arosto yenyewe. "Mimi si mtoto, na hili banda nililijenga mimi." Alikuwa na haki. Wakakubaliana tarehe ya mwisho, wakaiandika, na siku ilipofika wifi alimkabidhi pesa bila kuombwa. Kama tarehe ile isingewekwa, naamini mpango wote ungevunjikia hapo.

Kikoba kama kikoba kilisimamisha faini za mkopo wake kwa miezi 6, na mfuko wa jamii, ule unaotumika kwa misiba na uzazi, ukalipa nauli za kliniki na mazoezi ya mguu. Hoja ilikuwa kama uraibu ni ugonjwa. Mwenyekiti aliuliza kama mguu ni ugonjwa, wakasema ndiyo, akasema basi tunalipia mguu na yaliyoletwa na mguu.

Si wote 25 walioambiwa. Waliojua ni watano. Wengine walielezwa kwamba mwenzao anauguza mguu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siri ilivuja mwezi wa tatu, na mwanakikoba mmoja alimwita teja bombani, mbele ya ndoo na watu. Katiba ya kikoba chao ina faini kwa anayetoa siri za kikao, na hapo kabla ilikuwa imetumika kwa mambo ya pesa tu. Jumapili iliyofuata yule mama alitozwa. Alilipa, akanuna wiki mbili, akarudi. Mimi ninaiona faini ile kuwa msaada mkubwa kuliko nasaha nyingi nilizozisikia, kwa kuwa ilimwonyesha mgonjwa kwamba heshima yake ina bei na kuna watu wa kuidai.

Maduka matatu yalitembelewa na mwenyekiti, dada na muuguzi, wamevaa vizuri, na barua ya daktari mkononi. Hawakufoka. Walisema, "Huyu ni mgonjwa wetu, akija tupigieni simu." Wawili walikubali, na mmoja kati yao ni yule kijana wa mikopo, ambaye alifuta deni. Wa tatu alisema yeye anafanya biashara. Taarifa ilipelekwa panapohusika.

Mwezi wa nne, akiwa kwenye kapsuli 3, mama mkwe alifariki huko Tanga. Alisafiri na dawa za siku 4 mkononi, msiba ukachukua siku 9. Akanunua. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi na karatasi iliyobaki, akaiweka mezani. Daktari hakumrudisha mwanzo wala hakumkaripia. Alimweka kwenye 4 kwa wiki 2, kisha safari ikaendelea. Kwenye daftari zile siku za Tanga ziliandikwa kama zilivyokuwa, pamoja na siku moja yenye namba 7. Ninaweka uzito mkubwa kwenye ukurasa ule. Mwaka uliotangulia mama huyu aliwadanganya mume, dada, madaktari wawili na kikoba kizima kuhusu namba hiyo hiyo.

Kapsuli ya mwisho aliimeza mwezi wa saba.

Ambayo hayajakaa sawa

Usingizi ulimsumbua wiki nyingi baada ya hapo, na daktari alikuwa amemwonya. Deni la kausha damu halikulipwa na kikoba, na sidhani lilistahili kulipwa na kikoba. Mume aliuza pikipiki yake. Mume mwenyewe ndiye mtu niliyemwonea huruma na ambaye hakuna aliyemshughulikia. Kila mmoja alikuwa na kazi kwenye mpango ule isipokuwa yeye, aliyekuwa njiani Tunduma na Lubumbashi akipiga simu kuuliza "amekula dawa?" bila kujua aulize nini kingine. Kwa watu alisema mkewe ana presha, na bado anasema hivyo.

Lile duka la tatu liko wazi.

Nimeulizwa na wenzangu kama njia hii inafaa kwa kila mtu. Haifai. Mama huyu alikuwa na biashara ya kurudia, muuguzi aliyeishi nyumba ya nne, daktari aliyekubali kufanya kazi na watu wasio na vyeo, na kikoba chenye mwenyekiti mwenye akili. Kijana anayebeba mizigo sokoni, anayemeza kapsuli ili amalize zamu na anayelala kibarazani, hana hata kimoja kati ya hivyo, na kumwambia atafute "jamii yake" ni kumkebehi. Kwake huyo soba yenye kitanda na chakula ndiyo pa kuanzia.

Kwa sasa kuna jambo moja mezani. Chuma cha mguuni kinamsumbua, na daktari wa mifupa anataka kukitoa. Hiyo ni kupasuliwa tena, na maumivu tena. Mama alitaka kufanyiwa bila dawa yoyote kali, kwa hofu, na muuguzi akamkatalia: maumivu yasiyotibiwa nayo humrudisha mtu dukani. Tumekaa na daktari wa mifupa tukakubaliana. Mambo ya siri yamekwisha; faili lake limeandikwa wazi juu kwamba aliwahi kuzoea tramadol na kwamba alianguka, ili asipewe tramadol kabisa. Ganzi ya mguu itatumika kadiri inavyowezekana, panado na diklofenaki kwa saa zake, na ikilazimu dawa kali zaidi atapewa wodini kwa siku mbili za mwanzo, bila ya kubeba nyumbani. Muuguzi atashika zitakazotoka naye. Daftari jipya limeshanunuliwa, na safari hii kuna safu ya sahihi ya mume, aliyeomba likizo ya wiki 2.